Saa Mbili Kabla ya Mechi: Bengals, Bills na Haki ya Kubadilisha Wachezaji

Jumapili ya tarehe 8 Januari 1989, jijini Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, kocha Sam Wyche alikuwa akiiandaa timu yake ya Bengals kwa fainali ya AFC, moja ya kanda mbili za ligi, dhidi ya Buffalo Bills. Mshindi angekwenda kucheza Super Bowl, fainali ya ligi nzima, na aliyeshindwa msimu wake ungeishia hapo. Zikiwa zimebaki kama saa mbili mechi ianze, akaletewa ujumbe kutoka ofisi ya Pete Rozelle, kamishna wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani (American football). Ule uchezaji wenu wa kukimbizana, ambao mmeucheza msimu mzima, leo hautakiwi. Mkiutumia, mtaadhibiwa yadi 15 kwa utovu wa uanamichezo.

Wiki ile hakuna sheria iliyokuwa imebadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba timu pinzani ilikuwa imelalamika.

Anayefuata soka ataelewa haraka nikimkumbusha faulo ya haraka. Mchezaji anaangushwa nje kidogo ya kumi na nane, mabeki wanaanza kupanga ukuta, kipa anapiga kelele akielekeza watu, na kabla hawajajipanga mshambuliaji mmoja anaugusa mpira na mwenzake anafunga. Mabeki wanamkimbilia mwamuzi wakilalamika kwamba hawakuwa tayari. Mwamuzi anaonyesha kati. Sasa fikiria timu inayoishi kwa ujanja huo iambiwe siku ya fainali, watu wakiwa tayari wanaingia uwanjani, kwamba leo ni lazima isubiri ukuta upangwe. Hilo ndilo lililompata Wyche, na sababu yake yote ilikuwa suala la nani ana haki ya kubadilisha wachezaji, na lini.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunakutana nao mara moja kwa mwaka, pale Super Bowl inapoanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na ikifaulu inapewa mengine manne. Kila jaribio ni tendo fupi, la sekunde tano au sita, kisha filimbi inalia na mpira unakufa. Halafu kuna kusubiri. Mwaka 1988 NFL ilikuwa imeweka sekunde 45 kati ya tendo moja na jingine, na ndani ya muda huo timu inayoshambulia lazima iwe imeuanzisha mpira tena.

Ndani ya kusubiri huko ndimo benchi linapofanya kazi. Tangu 1950 NFL inaruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo. Hakuna kibao cha namba wala mwamuzi wa nne wa kuomba ruhusa. Mtu anatoka, mwingine anaingia, na aliyetoka anaweza kurudi tendo linalofuata, hata mara 40 katika mechi moja. Sisi tuliokulia kwenye mchezo ambao sabu ni hazina ya kutumia kwa uchungu, tatu zamani na sasa tano, tunahitaji muda kuzoea wazo hilo. Kule sabu si kiraka cha dharura, ni sehemu ya mbinu yenyewe katika kila tendo.

Uhuru huo ulizaa mabingwa wa kazi moja. Kuna jitu la kilo zaidi ya 120 linalosimama katikati ya ulinzi kuwazuia wanaokimbia na mpira, na jaribio likiwa la kwanza au la pili, pale ambapo wapinzani wana uwezekano mkubwa wa kukimbia, jitu hilo linatakiwa uwanjani. Jaribio la tatu likifika na zimebaki yadi tisa, kila mtu anajua mpira utarushwa hewani. Hapo jitu linatoka, na anaingia beki wa tano mwembamba mwenye mbio, au mtu wa pembeni ambaye kazi yake pekee ni kumkimbilia kwotabeki. Kwotabeki ndiye mchezaji anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, naye akifikiwa kabla hajarusha tendo limekufa.

Kufikia miaka ya 1980 makocha wa ulinzi walikuwa wameigeuza kazi hii kuwa ufundi wa saa. Timu inayoshambulia ilikuwa ikikusanyika duara baada ya kila tendo, vichwa pamoja, kwotabeki akitoa maelekezo. Wakati huohuo kocha wa ulinzi anaangalia nani ameingia upande ule, anapaza sauti, na kundi lake jipya linaingia mbio. Duara la washambuliaji lilikuwa pia dirisha la walinzi kujipanga upya.

Wyche aliona kwamba dirisha hilo halikuwa haki ya ulinzi bali zawadi ya washambuliaji. Duara halikuwa sharti la sheria. Lilikuwa mazoea tu.

Kinachomfunga mlinzi

Timu zote tayari zilikuwa na uchezaji wa haraka kwa ajili ya dakika mbili za mwisho wa kipindi, pale saa inapokimbia na unahitaji pointi. Wyche alikuwa amefundisha makwotabeki San Francisco chini ya Bill Walsh kabla ya kupewa Bengals mwaka 1984, na aliujua vizuri uchezaji huo wa dharura. Jipya lake lilikuwa kuucheza tangu mwanzo wa mechi, timu ikiwa haina dharura yoyote. Tendo likiisha, wachezaji wake wanarudi moja kwa moja kwenye mstari wa kuanzia na kusimama tayari, na kwotabeki Boomer Esiason anatoa maelekezo hapohapo kwa sauti na ishara. Wakati mwingine walikusanyika kwa sekunde chache, karibu kabisa na mpira, kisha wakatawanyika na kuanza.

Wengi huelewa vibaya hapa. Husema faida ya uchezaji huu ni kasi, kwamba walinzi wanachoka. Ni kweli wanachoka. Lile jitu la kilo 120 limeumbwa kwa matendo mawili kisha kupumzika, na likilazimishwa matendo manane mfululizo, kufikia la tano mikono iko kiunoni na kufikia la saba linasukumwa na mtu ambaye mwanzo lilikuwa likimrusha. Lakini uchovu ni tunda la pili. La kwanza ni kwamba walinzi waliopo uwanjani hawawezi kutoka.

Jiweke mahali pa kocha wa ulinzi. Jaribio la tatu, yadi nane. Unataka jitu litoke na beki wa tano aingie. Jitu lipo katikati ya uwanja, na uwanja una upana wa zaidi ya yadi 53. Kwa mwili ule, kutoka katikati hadi nje kunachukua sekunde kadhaa. Esiason amekwisha kusimama nyuma ya mpira na anaweza kuuanzisha wakati wowote. Ukimtoa mtu wako na mpira ukaanzishwa akiwa bado ndani na mwenzake ameingia, una watu 12 uwanjani, na hiyo ni adhabu ya yadi 5. Mwenzake asipoingia, una watu 10 dhidi ya 11. Kwa hiyo unaacha. Unabaki na kundi la kuzuia mbio wakati mpira unarushwa, na Esiason anajua hivyo, kwa sababu amekuona ukisita.

Utamu zaidi ni kwamba Bengals hawakulazimika kuuanzisha mpira haraka. Walilazimika kusimama tayari tu. Esiason angeweza kufika mstarini sekunde ya 10, kisha akatumia nyingine 20 kuwatazama walinzi, kubadilisha maelekezo, kuwasogeza wenzake, huku kocha wa upande wa pili akikaa amefunga mikono asithubutu kumtoa mtu hata mmoja. Ukiitazama timu hiyo kwa saa ya mkononi ungeweza kusema haina haraka yoyote. Hofu ya mpira kuanzishwa ilitosha kufanya kazi ya mpira kuanzishwa.

Sharti la upande wao lilikuwa gumu: na wao wasibadilishe. Mshambuliaji akitoka na mwingine kuingia, kuna kuchelewa, na ndani ya kuchelewa huko mlinzi anapata upenyo wake. Basi unahitaji watu 11 ambao kila mmoja ana kazi mbili mwilini. James Brooks aliweza kukimbia na mpira katikati ya msongamano na tendo linalofuata akaenda nje kupokea mpira wa kurushwa kama mpokeaji halisi. Rodney Holman alizuia kama mtu wa mstari wa mbele na kupokea kama mtu wa pembeni. Kundi lilelile lingesimama kwa mpangilio wa mbio, kisha bila mtu kutoka likasimama kwa mpangilio wa kurusha. Walinzi waliona sura zilezile na hawakujua ni kazi ipi inakuja.

Hata timu ya kasi hubadilisha, bila shaka, kwa sababu wapokeaji nao wana mapafu. Lakini huchagua wakati: mpira unapotoka nje na saa kusimama, robo inapoisha, mtu mmoja anapomaliza tendo akiwa hatua tatu kutoka benchi lake. Na huchagua pale ambapo wanaona kundi la ulinzi lililopo linawafaa wapinzani kuliko wao. Maana kubadilisha kuna bei: ukibadilisha, umemfungulia mlinzi mlango na yeye abadilishe. Ukiwa umeyanasa majitu matatu yaliyochoka katika jaribio la tatu, huwezi kuutupa utajiri huo kwa kumpumzisha mpokeaji mmoja.

Matokeo ya msimu ule yanajulikana. Mwaka 1987 Bengals walishinda mechi 4 na kupoteza 11, na watu wakaanza kuhesabu siku za Wyche. Mwaka 1988 walishinda 12 na kupoteza 4, wakafunga pointi nyingi kuliko timu yoyote ya NFL, na Esiason akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Dawa ya kuanguka

Bills waliionja dawa hiyo mapema. Tarehe 27 Novemba 1988 walikuja Cincinnati na kufungwa 35 kwa 21. Timu ile haikuwa dhaifu. Ilikuwa na ulinzi ulioogopwa, wenye Bruce Smith, Cornelius Bennett na Shane Conlan, na katikati Fred Smerlas, mtu mzito aliyepewa kazi ileile ya kuziba. Ulinzi wa watu watatu mbele na wanne nyuma yao, uliojengwa kwa kubadilishana watu kulingana na jaribio. Nadhani hakuna timu ambayo mtego wa Wyche uliifaa zaidi.

Tarehe 31 Desemba, katika raundi iliyotangulia fainali ya kanda, Seattle Seahawks walikuja Cincinnati na dawa yao. Bengals wakiongeza kasi, mlinzi wa Seattle alianguka. Mchezo ukasimama, madaktari wakaingia, na ndani ya kusimama huko benchi likapata muda wa kufanya mabadiliko yote lililoyataka. Kisha wakaanguka tena. Sihitaji kueleza sana hapa. Yeyote aliyewahi kumwona kipa wa timu inayoongoza bao moja akilala chini dakika ya 85, akashika goti, akabadilisha goti, anaijua picha hii. Bengals walishinda 21 kwa 13, lakini njia ilikuwa imeonekana.

Wiki iliyofuata kocha wa Bills, Marv Levy, alisema wazi kwamba ikibidi wachezaji wake nao watajifanya wameumia ili kuizuia kasi hiyo. Nampa heshima kwa jambo moja: hakuficha. Levy alikuwa mtu msomi, mwenye shahada ya uzamili kutoka Harvard, na alijua anachokisema. Alikuwa anaiambia ligi kwamba mkiruhusu hili mtapata lile, chagueni.

Ligi ikachagua. Ikamzuia Wyche.

Mimi nauona uamuzi ule kuwa kosa, na nitasema kwa nini, kwa sababu kisa hiki hakina maana bila kulitamka. Kulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa ukicheza ndani ya sheria kwa namna ambayo wengine hawakuipenda. Upande wa pili ulitishia kudanganya, mchana kweupe, kwa kuwafanya watu wazima wajiangushe na kuwaita madaktari kwa maumivu ambayo hayapo. Ofisi ya kamishna iliogopa fedheha ya kuona wachezaji wakianguka kama maembe katika mechi inayotazamwa na nchi nzima, na ili kuikwepa fedheha hiyo ikamwadhibu asiye na kosa. Na neno lililotumika linaniuma hata leo: utovu wa uanamichezo. Aliyepewa jina hilo ni aliyesimama mstarini na kusema niko tayari, tucheze.

Hata hivyo ulinzi ulikuwa na hoja moja ya haki, na ni vizuri kuitenganisha na ile ya uongo. Ikiwa washambuliaji wenyewe wamebadilisha watu, wakamwingiza mpokeaji wa nne, kisha wakauanzisha mpira kabla walinzi hawajapata nafasi ya kujibu, hapo wamechukua uhuru kwa mkono mmoja na kumnyima mwenzao kwa mkono wa pili. Na ikiwa wanafanya hivyo si ili wasogee bali ili wamkamate mpinzani na watu 12, basi wanawinda adhabu badala ya kucheza mpira. Hilo linastahili kuzuiwa. Lakini kuzuia hilo hakuhitaji kuzuia uchezaji wote. Kunahitaji sheria moja iliyo wazi: ukibadilisha wewe, nami nipewe muda wa kubadilisha. Usipobadilisha, nibadilishe kwa hatari yangu.

Ndivyo NFL inavyofanya sasa. Washambuliaji wakiingiza mtu mpya, mwamuzi husimama juu ya mpira, miguu huku na huku, mpaka walinzi wapate nafasi ya kujibu, nao walinzi wanatakiwa wajibu upesi bila kuburuta miguu. Sheria inawakataza washambuliaji waliobadilisha kukimbilia mstarini na kuuanzisha mpira kwa nia ya wazi ya kumnasa mlinzi na watu kupita kiasi. Wasipoingiza mtu, mwamuzi anaondoka na mpira ni wao. Ukiangalia mechi leo, mtazame mwamuzi huyo kabla ya kumtazama kwotabeki. Akisimama juu ya mpira, kuna mtu amebadilisha. Akirudi nyuma haraka, walinzi walio uwanjani wamekwama na walivyo, na mara nyingi utaona benchi lao likipunga mikono bure.

Uwanjani

Mechi yenyewe ilichezwa Riverfront Stadium, Bengals wakiwa wamenyang'anywa silaha yao saa mbili kabla. Ingekuwa rahisi kusimulia kwamba bila silaha hiyo walianguka. Hawakuanguka. Walikusanyika duara kama timu nyingine zote, wakampa mpira Ickey Woods, kijana wa msimu wake wa kwanza, mara 29, naye akasogea yadi 102 na kufunga mara mbili. Mapumziko walikuwa mbele 14 kwa 10. Upande wa pili kwotabeki Jim Kelly alirusha mipira mitatu iliyoishia mikononi mwa Bengals.

Tendo moja la robo ya tatu linaonyesha Wyche alivyokuwa mtu wa aina gani. Jaribio la nne, Bengals wakajipanga kama wanaopiga mpira mbali kuusalimisha. Katika tendo kama hilo timu zote mbili huwa zimebadilisha karibu watu wote. Uwanjani wapo wale wa kazi maalumu, na upande wa Bills walishaanza kufikiria kuupokea mpira. Badala ya kuupiga, mpira ukapewa Stanley Wilson aliyekimbia nao na kupata yadi zilizohitajika. Waliendelea kutoka hapo hadi bao la tatu, wakisaidiwa na mlinzi wa Bills kufukuzwa kwa kumpiga mpokeaji. Mwisho, 21 kwa 10.

Ninalipenda tendo lile kwa sababu ni wazo lilelile la msimu mzima, likiwa limevaa nguo nyingine. Wyche alinyimwa njia ya kuwanasa Bills na kundi lisilofaa kwa kasi, akawanasa na kundi lisilofaa kwa hila ya mpangilio. Swali lake halikubadilika: ni watu gani wa kwao wapo uwanjani sasa hivi, na ni kazi gani hawakuja kuifanya?

Super Bowl waliipoteza wiki mbili baadaye jijini Miami, 20 kwa 16, San Francisco wakifunga zikiwa zimebaki sekunde 34. Msimu uliofuata waliendelea kucheza bila duara. Marufuku ya siku ile haikudumu, na haingeweza kudumu, kwa kuwa haikuwa na sheria ya kuegemea.

Lakini habari kubwa ilikuwa Buffalo.

Bills walirudi nyumbani wakiwa wameijua dawa hiyo kwa uchungu wake, na hatimaye wakaipika wenyewe. Kufikia 1990, chini ya Levy huyohuyo na mratibu wake wa ushambuliaji Ted Marchibroda, Kelly alikuwa akiongoza mechi nzima bila duara na kuchagua matendo mwenyewe mstarini, jambo ambalo makwotabeki wachache waliwahi kuachiwa. Waliuita uchezaji huo K-Gun, jina lililotokana na Keith McKeller, mpokeaji aliyekuwa na mwili wa kuzuia na mbio za kupokea. Si bahati kwamba ulipewa jina la mtu wa aina hiyo. Yeye ndiye aliyewaruhusu wasibadilishe. Pamoja naye alikuwapo Thurman Thomas, aliyekimbia na kupokea kwa ubora uleule, na Andre Reed na James Lofton pembeni. Watu 11, sura mbili kila mmoja, kama alivyofundisha Wyche. Msimu ule walifunga pointi nyingi kuliko timu yoyote, na kwenye fainali ya kanda waliwapiga Raiders 51 kwa 3. Walicheza Super Bowl nne mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyowahi kulifanya.

Simlaumu Levy kwa kugeuka. Kocha anayekataa kujifunza kutoka kwa aliyemshinda hawatendei haki wachezaji wake. Namlaumu kwa tishio la wiki ile tu, na zaidi naulaumu uongozi uliolikubali.

Tatizo la kujiangusha nalo halikwisha kwa marufuku. Septemba 2011, Giants wakicheza na Rams waliokuwa wakikimbiza mchezo, walinzi wawili wa Giants walianguka kwa pamoja, sekunde ileile. Ligi ilituma waraka kwa timu zote ikitishia faini na hata kupokonywa nafasi za kuchagua wachezaji wapya. Miaka 22 ilikuwa imepita, na safari hii kidole kilielekezwa kwa aliyeanguka. Kwenye vyuo vikuu mvutano ulifika mbali zaidi: Februari 2014 lilipelekwa pendekezo la kukataza mpira kuanzishwa katika sekunde 10 za kwanza za zile 40 zinazoruhusiwa kule kati ya tendo na tendo, ili walinzi wapate kubadilisha watu hata kama washambuliaji hawakubadilisha. Makocha Nick Saban na Bret Bielema waliliunga mkono kwa hoja ya usalama wa wachezaji. Makocha wa timu za kasi walipinga kwa nguvu, na Machi likaondolewa. Lingepita, duara ambalo Wyche alilivunja lingerudishwa kwa amri ya sheria.

Jibu la kweli la uwanjani kwa uchezaji huu lilipatikana Tampa tarehe 27 Januari 1991, na halikuhitaji mtu kuanguka wala kamishna kuandika barua. Bills walikutana na New York Giants katika Super Bowl. Mratibu wa ulinzi wa Giants, Bill Belichick, alijua hatapewa nafasi ya kubadilisha, basi akachagua tangu mwanzo kundi ambalo halikuhitaji kubadilishwa: kwa sehemu kubwa ya mechi watu wawili tu mstari wa mbele, na mabeki wengi nyuma wa kuwakaba na kuwapiga wapokeaji. Alijua Thomas angekimbia, akakubali akimbie. Thomas alikimbia yadi 135 kwa mara 15. Upande wa pili Giants waliushika mpira kwa dakika 40 na sekunde 33, wakikusanyika duara, wakitembea, wakila saa taratibu, huku Kelly na watu wake 11 wasiohitaji kubadilishwa wakiwa wameketi benchi. Dakika za mwisho Bills walipata mpira, wakasogea, na Scott Norwood akapiga kati ya nguzo mpira wa yadi 47 ambao ungewapa ushindi, ukapita kulia kwa nguzo. Ikaisha 20 kwa 19.